Chubwi la Kilo Tano, Mvuto wa Kilo Mia Tatu: Kufunga Daunriga na Kuiunga Umeme kwenye Mashua Ndogo

Wenye mashua ndogo za uvuvi wanaponunua daunriga, winchi ndogo ya kushusha mshipi kwenye kina, kwa mara ya kwanza, hesabu wanayoipiga huwa karibu ile ile: chubwi lina kilo tano, hata mtoto analinyanyua, kwa hiyo skrubu nne zitatosha kukishika kifaa na waya wowote uliobaki kwenye kazi ya taa utatosha kukiendesha. Baadaye ndipo malalamiko yanapoanza. Ukingo wa mashua umepasuka kuzunguka matundu ya skrubu, mota iliyozunguka vizuri nchi kavu inaguna majini, fyuzi inakatika wakati samaki ameshanasa. Fundi hulaumiwa, kifaa hulaumiwa, betri mpya hununuliwa, na tatizo hubaki pale pale, kwa sababu kilo tano ni uzito wa chubwi likiwa limetulia, ilhali daunriga hufungwa na kuungwa umeme kwa ajili ya dakika ambayo hakuna kilichotulia.

Tuanze na maneno yenyewe. Kurambaza ni kuvua kwa kukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachotembea polepole. Mshipi unaokokotwa hivyo hupanda kuelekea juu, na mvuvi anayewataka samaki walioko mita ishirini au thelathini chini hana budi kutafuta njia ya kuushusha. Daunriga ndiyo njia hiyo. Ni winchi ndogo inayofungwa ukingoni mwa mashua, yenye kigurudumu kilichokunjiwa kamba nyembamba ya chuma, mkono unaotokeza nje ya chombo, kapi kwenye ncha ya mkono huo, na chubwi la risasi linaloning'inia chini ya kapi. Mshipi wa mvuvi, ambao uko kwenye fimbo yake na hauhusiani na winchi, hushikizwa kwa kibanio karibu na chubwi. Chubwi likishuka, chambo hushuka nalo. Samaki akivuta, kibanio huachia, na mvuvi hupambana na samaki bila uzito mwingine wowote kwenye mshipi wake.

Vifaa hivi vilipata umaarufu mkubwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, baada ya salmoni aina ya koho kupandikizwa katika mito inayoingia Ziwa Michigan mwaka 1966. Samaki hao hufuata tabaka la maji baridi, na wakati wa joto tabaka hilo huwa chini sana kwa mshipi wa kawaida. Tangu hapo daunriga imeenea baharini na ziwani. Zipo za kuzungusha kwa mkono, na zipo za mota ya umeme wa volti 12, ambazo ndizo zinazoleta maswali mengi.

Mzigo halisi unatoka wapi

Risasi ni nzito zaidi ya mara 11 kuliko maji, kwa hiyo chubwi la kilo 5 likizama hupoteza chini ya nusu kilo tu ya uzito wake. Mashua ikitembea kilomita 4 au 5 kwa saa, mwendo wa kawaida wa kurambaza, maji nayo huanza kuvuta kila kilichozama, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kinachovutwa zaidi ni kamba. Chubwi ni mviringo wa upana wa sentimita tisa hivi, na maji hulipita bila taabu. Kamba ya unene wa milimita moja iliyoshuka mita 30 ina eneo la kukabili maji linalozidi la chubwi mara nne, na umbo lake ni baya zaidi kwa kupitisha maji. Ukipiga hesabu kwa mwendo huo, kamba huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 3, wakati chubwi lenyewe halifikishi hata nusu kilo. Ndiyo maana kamba hulala kuelekea nyuma badala ya kusimama wima, na ndiyo maana kihesabio cha daunriga kinaonyesha urefu wa kamba iliyotoka, ambao huwa ni zaidi ya kina chenyewe. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu hiyo ya maji huwa mara nne.

Kilo nne na nusu kwenda chini na kilo tatu kwenda nyuma bado si mzigo wa kupasua ukingo wa mashua. Unaopasua ni ule wa chubwi lililonasa. Chini kuna miamba, magogo, nyavu zilizopotea na kamba za nanga zilizoachwa. Chubwi likijitia katikati ya mwamba, mashua yenye uzito wa kilo mia saba pamoja na watu wake haisimami papo hapo, inaendelea kwenda, na kamba inakazika mpaka kitu kimoja kiachie. Kamba za chuma zinazotumika sana kwenye daunriga hukatika kwa mvuto wa takribani kilo 68. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutoboa tundu la kwanza ni kama ukingo wako unaweza kustahimili kilo 68 kwenye ncha ya mkono.

Na ncha ya mkono iko mbali. Ndoo ya maji iliyoshikwa karibu na kifua haimsumbui mtu, lakini akiishika kwa mkono ulionyooka mbele, bega litampa habari nyingine kabisa. Tuchukue daunriga yenye mkono wa sentimita 60 na kitako ambacho safu zake mbili za bolti zimeachana sentimita 12. Umbali wa mkono ni mara tano ya umbali wa bolti, kwa hiyo kila kilo moja kwenye ncha huwa kilo tano zinazotaka kuing'oa safu ya bolti za upande wa ndani. Chubwi lililotulia huzivuta kwa kilo 25 au chini ya hapo. Chubwi lililonasa huzivuta kwa kilo 340, na mkono ukirefushwa mpaka sentimita 120 huwa kilo 680. Skrubu ya mbao iliyozama sentimita mbili kwenye faibaglasi nyembamba haina cha kufanya mbele ya nguvu hiyo.

Breki ya winchi imewekwa kwa ajili ya wakati huo huo. Inatakiwa ilegezwe kiasi cha kulishika chubwi wakati wa kurambaza, lakini iachie kamba ikivutwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Wapo wanaoikaza mpaka mwisho ili chubwi lisishuke lenyewe, na kwa kufanya hivyo wanaondoa kinga pekee iliyokuwepo kati ya mwamba na ukingo wao.

Kufunga kitako

Mahali pa kawaida ni karibu na tezi, yaani nyuma ya mashua, daunriga moja kila upande, mkono ukielekea nje kwa pembeni au nyuma kwa mshazari. Umuhimu wa mahali hapo ni rafadha: mashua inapokata kona, kamba ya upande wa ndani wa kona huja chini ya chombo, na kitako kilichowekwa mbele mno huipeleka kamba hiyo moja kwa moja kwenye panga la injini. Vilevile, mtu aweze kufikia kibanio bila kuinama nje ya mashua mpaka kiunoni. Kitako kinachozunguka husaidia sana hapa, kwa kuwa mkono hugeuzwa kuelekea ndani wakati wa kushikiza mshipi na wakati wa kuegesha.

Bolti zipite upande wa pili, na chini ya ukingo ziwe na bamba la kuegemea, ambalo liwe kubwa kuliko kitako chenyewe. Kazi ya bamba hilo ni kuzitawanya zile kilo 340 kwenye eneo pana badala ya kuziacha zikusanyike chini ya nati mbili. Alumini ya milimita 5 au 6 inafaa, na ubao mgumu uliopakwa epoksi unafaa pia kwa mashua ya mbao. Washa pana (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati) peke yake ni nafuu kidogo tu kuliko kutoweka kitu. Kabla ya kutoboa, ingiza mkono na kurunzi chini ya ukingo uone kinachopita hapo, kwa maana mpira wa petroli hupenda kufichwa mahali hapo hapo.

Kila aina ya mashua ina ugonjwa wake. Faibaglasi nyingi si faibaglasi tupu. Katikati ya tabaka zake mbili wamejaza mbao laini au povu gumu ili kupunguza uzito. Tundu likitobolewa na kuachwa hivyo hivyo, maji hupenya kwenye mbao hizo, nazo huoza taratibu bila dalili ya nje, na ukikaza bolti miaka miwili baadaye utaiona ikizama kama iliyowekwa kwenye mkate uliolowa. Dawa yake ni kutoboa tundu kubwa kuliko bolti, kulijaza epoksi, kuiacha ikauke, kisha kutoboa upya katikati ya epoksi hiyo kwa kipimo cha bolti. Ni kazi ya siku mbili badala ya saa moja, na sioni njia ya mkato inayofaa kupendekezwa.

Kwenye mashua ya alumini tatizo ni bolti zenyewe. Chuma kisichoshika kutu kikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, metali hizo mbili huwa betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Unga mweupe unaojitokeza kuzunguka kichwa cha bolti ni alumini yako ikiondoka. Hakuna haja ya kuacha bolti za namna hiyo, kwa sababu ndizo imara. Inatosha kuzipaka mafuta mazito ya kutenganisha metali na kuweka washa za nailoni na kipande cha plastiki ngumu chini ya kitako.

Umeme: kwa nini waya uwe mnene

Mota ya daunriga hupandisha chubwi kwa kasi ya mita moja kwa sekunde au zaidi. Kunyanyua chubwi la kilo 5 kwa kasi hiyo kunahitaji wati 50 hivi peke yake; ongeza mvuto wa maji kwenye kamba, msuguano wa kapi na giya, na nguvu inayopotea ndani ya mota, utafika wati 200 au zaidi. Kwa volti 12 hiyo ni karibu ampea 20. Taa ndogo ya mashua haifikii hata ampea moja. Huko ndiko waya uliobaki kwenye kazi ya taa unakoshindwa.

Kila waya una ukinzani, yaani unazuia umeme kidogo, na kadiri ampea zinavyoongezeka ndivyo volti nyingi zaidi zinavyopotea njiani. Tuseme betri iko mita 4 kutoka kwenye daunriga. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 8, jambo ambalo husahauliwa mno. Kwa ampea 20, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza karibu volti 2 kwenye safari hiyo. Wa 2.5 hupoteza volti 1.2. Wa 6 hupoteza nusu volti, na wa 10 hupoteza volti 0.3. Viwango vya baraza la boti na yoti la Marekani, ABYC, ambavyo mafundi wa nchi nyingi huvifuata, huruhusu upotevu wa asilimia 3 kwa vifaa vya lazima kama taa za njia, na asilimia 10 kwa vingine. Kwa daunriga waya wa 6 unatosha mashua nyingi ndogo. Betri ikiwa omo, yaani mbele ya mashua, na daunriga tezi, uende kwenye wa 10.

Volti zikipungua, mota haipunguzi mahitaji yake. Ili kunyanyua mzigo ule ule inahitaji ampea zile zile, ila sasa inazunguka polepole, inakaa muda mrefu zaidi ikifanya kazi, na inachemka. Ikielemewa ikasimama kabisa huku swichi imebanwa, ampea hupanda ghafla na fyuzi hukatika. Hiyo ndiyo siri ya kukatika kwa fyuzi nyingi wakati wa kupandisha.

Hapa ndipo kauli moja inaposababisha ubishi usiokwisha: "Umeme unafika, nimepima mwenyewe, volti 12.6." Kipimo hicho kilichukuliwa mota ikiwa imezimwa. Mita ya umeme yenyewe hutumia umeme mdogo mno, na kwa umeme mdogo hata waya mwembamba uliooza hupitisha volti zote. Pima wakati chubwi linapanda. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye pini ya chanya ya soketi ya daunriga, mwenzako abane swichi. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea upande huo. Rudia upande wa hasi. Jumla ikizidi volti moja, tafuta zinakopotea kabla ya kununua betri mpya. Mara nyingi utazikuta kwenye soketi. Pini yenye kutu ya kijani inayoongeza ukinzani wa sehemu 5 kwa mia za omu tu hula volti nzima kwa ampea 20, na kugeuza wati 20 kuwa joto ndani ya plastiki ndogo. Soketi ambayo inachoma vidole baada ya kupandisha chubwi mara mbili imeshajieleza.

Waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, kwani wa uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko, na kila uzi uwe umepakwa bati, kwa sababu shaba tupu kwenye hewa ya chumvi huwa nyeusi mpaka mbali ndani ya ganda lake. Viungio vibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha vifunikwe kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Waya ushikiliwe kila baada ya sentimita 45 hivi, na kabla ya soketi uachwe uning'inie kidogo chini yake ili maji yadondoke badala ya kuufuata waya hadi kwenye pini. Hasi nayo iwe na waya wake kamili hadi kwenye betri. Kutumia mwili wa mashua ya alumini kama njia ya kurudishia umeme ni kosa ambalo gharama yake hulipwa na mashua, kwani umeme unaovuja kwenda majini hula alumini kwa kasi kubwa kuliko ile ya bolti tulizozitaja.

Kuhusu fyuzi kuna mkanganyiko wa kudumu. Watu huamini kwamba fyuzi inalinda daunriga, na kwa hiyo huiweka karibu na daunriga. Fyuzi inalinda waya. Waya wa chanya ukichunika njiani na kugusa hasi au chuma kilichoungwa na hasi, betri humimina mamia ya ampea, na fyuzi iliyoko mwisho wa waya haina habari, kwa sababu umeme haujapita kwake. Ndiyo maana ABYC hutaka kinga ya umeme iwe ndani ya sentimita 18 hivi kutoka kwenye betri kwa waya usio na mrija wa ziada wa kuukinga. Ukubwa wake hufuata maelekezo ya mtengenezaji, ambayo kwa daunriga za umeme mara nyingi ni ampea 30, mradi waya uwe na uwezo wa kubeba hizo 30. Kuweka ya 50 kwa sababu ya 30 inakatika ni kuugeuza waya kuwa fyuzi, na waya hukatika kwa moto.

Mashua yenye daunriga mbili iwe na tawi na fyuzi kwa kila moja, na waya mkuu, kama upo, uhesabiwe kwa zote mbili zikipanda pamoja. Wapo watakaosema hilo halitokei. Hutokea kila mara samaki mkubwa anaponasa, kwani jambo la kwanza wanalofanya waliomo ni kuondoa kamba zote majini asije akazisokota.

Betri, na imani ya umeme unaoita samaki

Baada ya kusikia ampea 20, wengine hukimbilia betri kubwa ya pili. Kupandisha chubwi kutoka mita 30 huchukua sekunde 25 hivi. Kwa ampea 20, hiyo ni karibu ampea-saa 0.14. Ukipandisha mara 40 kwa siku umetumia chini ya ampea-saa 6, ambazo betri ya 70 iliyo nzima haizihisi, na kushusha karibu hakutumii kitu kwa kuwa uzito wa chubwi hufanya kazi hiyo. Daunriga inadai waya mnene na betri yenye afya. Wingi wa betri ni suala la rada, friji na taa.

Ipo pia habari ya kamba yenye umeme. Kamba ya chuma ikiwa majini pamoja na alumini ya injini na vipande vya zinki vya kuzuia kutu, huwa kuna tofauti ya umeme kati yao, kwa kawaida chini ya volti moja. Baadhi ya daunriga zina kisanduku cha kurekebisha kiasi hicho, kwa imani kwamba salmoni huvutiwa na chanya kidogo. Mvuvi na aamini apendavyo kuhusu samaki, lakini kipimo chenyewe kina manufaa mengine. Chubwi likiwa majini, na kila kifaa kikiwa kimezimwa, pima kati ya kamba na hasi ya betri na uandike namba. Kisha washa kifaa kimoja kimoja, pampu, taa, redio, ukitazama mita. Namba ikiruka unapowasha kifaa fulani, umeme wake unavuja majini. Ikibadilika sana na ile ya mwezi uliopita bila kuwasha chochote, tazama zinki kwanza, huenda zimekwisha au zimepakwa rangi.

Jambo la mwisho halina waya. Weka koleo la kukata kamba ya chuma mahali ambapo mkono utalifikia ukiwa umesimama kwenye daunriga. Chubwi likinasa na mawimbi yakija kwa nyuma, mashua ndogo iliyoshikwa tezi huvutwa chini huku maji yakipanda juu ya ubao wa nyuma, na bolti imara pamoja na bamba zuri ndizo zitakazohakikisha kwamba hakiachii kitu. Jaribu koleo hilo kwenye kipande cha kamba ile ile kabla ya safari, kwa sababu koleo nyingi za kawaida huitafuna bila kuikata.